Kilo za Halfani

Sumbawanga,
12 Mei 1975

Dada yangu Kulsumu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na majirani wote wa hapo Kasanga. Sisi huku hatujambo. Baridi imewahi mwaka huu, na mke wangu Adija ameshatoa mablanketi yote sandukuni. Watoto wanasoma. Lori linakwenda, ingawa mpira mmoja wa nyuma tunaubembeleza. Dukani kuna chumvi, sabuni na viberiti; sukari tunaisikia redioni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita kichwa kiliniuma siku tatu, nikaenda hospitali. Daktari alinipima presha mara mbili, na mara ya pili akamwita mwenzake aje aone. Kisha akaniambia nipungue. Nikamuuliza nipungue nini. Akanitazama tumboni. Akauliza umri wangu, nikamwambia arobaini na sita. Akasema nikiendelea hivi, swali hilo hataniuliza mara nyingi.

Mizani yao haikunitosha. Sindano iligonga mwisho ikatulia hapo. Nikaenda ghalani kwenye mizani ya magunia. Nilimkuta Zenon, yule mkulima wa Milanzi anayeniletea maharage, amekuja na mahindi yake. Gunia lake lilikuwa kilo tisini na mbili. Mimi kilo mia moja na kumi na mbili. Zenon akasema ningekuwa mahindi wangenigawa magunia mawili. Watu walicheka mpaka karani wa ghala akashindwa kushika kalamu.

Nimeamua, dada. Kuanzia Jumatatu asubuhi ni chai ya rangi bila kitafunio. Mchana ugali wa ulezi kiasi cha ngumi, na maharage yasiyo na samli. Jioni papai. Na kila alfajiri nitatembea kwa miguu hadi Milanzi na kurudi. Adija amelia. Anasema watu watadhani hanilishi.

Nilikusudia kuja kukuona mwezi huu, ila nasikia mvua zimeharibu barabara ya kuteremkia ziwani.

Mdogo wako,
Halfani Mwinjuma


Kasanga,
9 Juni 1975

Mdogo wangu Halfani,

Marahaba. Barua yako imekuja na gari la samaki. Aliyenisomea ni Bwana Eustace, karani wa hapa bandarini, na ndiye anayeniandikia hii. Ukiona maneno makubwa ujue ni yake.

Mimi ni mzima. Mwezi huu samaki wa migebuka ni wengi ziwani hadi paka wanachagua. Jirani yangu Albina amejifungua mapacha, wote wa kiume, na mume wake anatembea kifua mbele kama amewazaa yeye.

Kuhusu kilo zako, nilicheka. Halafu nikamwambia Bwana Eustace anisomee tena maneno ya daktari, na mara ya pili sikucheka. Baba yetu alikuwa na tumbo hilohilo. Alianguka msikitini akiwa na miaka hamsini tu. Wewe ulikuwa na miaka sita, hukumbuki. Mimi nakumbuka. Siku ile mume wangu Huseni, Mungu amrehemu, alikuinua begani akasema huyu mtoto ni wetu kuanzia leo. Hakukulea miaka yote ile ili nije nikuzike mimi.

Kwa hiyo ule hicho kiasi cha ngumi, na iwe ngumi ya mtoto, siyo ya kwako. Mwambie Adija anyamaze kulia. Mimi nimekula chapati zake, na hakuna mtu mwenye akili atakayesema hajui kulisha.

Barabara unayosema imeharibika, wiki hii yamefika malori matatu. Sisemi kitu.

Dada yako,
Kulsumu

Mimi mwandishi, Eustace, naongeza bila kutumwa: Ndugu Halfani, jaribu maji ya ndimu. Shemeji yangu yalimsaidia sana, ila alikufa kwa sababu nyingine.


Sumbawanga,
28 Julai 1975

Dada Kulsumu,

Shikamoo. Hongera nyingi kwa Albina. Huku sote wazima ila mafua. Maji ya kuoga asubuhi hata yakichemka yanapoa kabla hujavua shati.

Nafurahi kukuarifu kwamba kazi inaendelea vizuri mno. Njia ya Milanzi sasa naijua jiwe kwa jiwe. Wakulima wananisalimu kwa jina. Mke wa Zenon, mama mmoja anaitwa Dominika, hunikaribisha uji wa ulezi, nami nakunywa kidogo tu ili nisimvunjie heshima. Najisikia mwepesi. Kilo sijapima, kwani mizani ya ghalani haina uhakika siku hizi.

Nikupe kichekesho. Kulikuwa na mkutano wa kilimo cha kufa na kupona. Mhamasishaji alitundika mchoro wa kupe aliyevimba, akasema huyu ndiye mnyonyaji, mtazameni vizuri. Dada, watu hawakumtazama kupe. Walinitazama mimi, kuanzia mstari wa mbele hadi wa nyuma. Nikajaribu kuvuta tumbo ndani, kifungo kikaruka. Baada ya hapo wafanyabiashara wote tuligawiwa mashamba, kila mtu eka moja, na langu likaangukia hukohuko Milanzi. Nitaweka vibarua.

Kuja Kasanga nitakuja, ila lori linahitaji springi mpya.

Mdogo wako mwepesi,
Halfani


Kasanga,
25 Agosti 1975

Halfani,

Marahaba. Mapacha wa Albina wanaendelea vizuri, mmoja analia na mwingine anasubiri zamu. Ziwa limetulia.

Dereva wako alipita hapa Alhamisi kuchukua dagaa. Nilimpa chakula, nikamuuliza bwana wake anatembeaje siku hizi. Akasema anatembea vizuri sana, lori humshusha kwenye daraja la Milanzi, anatembea hadi kwa Zenon, anakunywa uji na mihogo ya kuchemsha, kisha lori humfuata mlangoni. Nikamuuliza toka darajani hadi kwa Zenon ni umbali gani. Maskini akanionyesha mlango wangu na ule mti wa ndimu wa Albina.

Umwache dereva wako, nimemtega mwenyewe. Na lile lori lenye springi mbovu lilibeba dagaa magunia ishirini na saba.

Kuna jambo nataka kukuambia tangu muda mrefu, lakini si la kuandikiwa na mtu mwingine. Hapa Bwana Eustace ameweka kalamu chini, nimembembeleza ndipo ameendelea. Basi tuliache. Siku hizi Jumanne na Alhamisi jioni nina shughuli zangu, usiniulize ni zipi.

Ramadhani inaingia. Angalau mwezi mmoja utafunga mdomo kwa lazima.

Kulsumu

Mimi Eustace sijaongeza kitu.


Sumbawanga,
15 Oktoba 1975

Dada yangu,

Shikamoo, na Idi njema ingawa imepita. Watoto walipata nguo. Adija anakusalimu.

Leo sina maneno ya kujitetea. Kuhusu lori na daraja, ni kweli. Kuhusu Ramadhani, mchana nilifunga, hilo Mungu anajua. Lakini futari ya Adija unaijua. Tambi, vitumbua, maharage ya nazi iliyosafiri na treni hadi ikafika huku, na uji wenye pilipili manga. Baada ya hapo daku, eti ili nipate nguvu ya kufunga. Jana nimepanda mizani ya ghalani, na haina kosa lolote, niliisingizia ubovu. Kilo mia moja na kumi na sita. Nadhani ni mimi peke yangu Sumbawanga nzima niliyenenepa kwa kufunga.

Lakini siyo hilo linaloniandikisha. Siku ya Idi tuliswali uwanjani. Katika rakaa ya pili nilisujudu, na sikuweza kuinuka. Pumzi ilikwama, masikio yakavuma. Nilimsikia imamu akitoa salamu upande wa kulia na wa kushoto, na mimi uso bado uko kwenye mkeka. Watu wawili waliniinua kwa kwapa. Walidhani nimezidiwa na ibada, mzee mmoja akaniombea dua kwa unyenyekevu wangu. Nilikaa pale nikamfikiria baba.

Kesho yake nilimwambia dereva asinifuate. Nilikwenda Milanzi kwa miguu yangu yote miwili, nikasimama mara kumi na moja. Nilipofika kwa Zenon nilimwambia sitaki uji, nataka jembe. Alinipa moja bovu. Alisema zuri atanipa akiniona tena siku ya tatu.

Siku ya tatu alinipa.

Halfani


Kasanga,
30 Novemba 1975

Halfani mdogo wangu.

Marahaba. Sisi wazima. Hii naandika mimi. Kwa mkono wangu. Hakuna Bwana Eustace. Jumanne na Alhamisi nilikuwa nakwenda kisomo cha watu wazima. Tulifanya mtihani mwezi wa nane. Nimefaulu. Herufi zangu ni kubwa kwa sababu taa yangu ni ndogo. Usicheke.

Nilijifunza ili nikuambie jambo moja bila mtu katikati.

Siku ya kumzika Huseni wanaume walibeba jeneza kupanda mlimani. Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Mimi nilikuwa ndani dirishani. Njia yote ya makaburini inaonekana pale. Nilikuona nyuma ya watu. Ulifika kona ya kwanza. Ukashika kifua. Ukakaa. Watu wakaenda, wewe ukabaki. Halafu ukateremka polepole ukaingia kwenye lori.

Jioni uliniambia lori lilikuwa na breki mbovu, ukabaki kulilinda lisiteremke ziwani. Nikasema sawa.

Ni karibu miaka mitatu. Hujaja tena Kasanga. Mara mvua. Mara springi. Najua siyo barabara.

Sikukasirika siku ile. Niliogopa. Nilidhani nitazika wawili.

Njoo.

Kulsumu binti Mwinjuma


Sumbawanga,
22 Februari 1976

Dada Kulsumu,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo karibu miezi mitatu kwenye mfuko wa koti. Nilianza kujibu mara nyingi. Hongera kwa mtihani. Adija aliziona herufi zako akaziweka mezani watoto wazione, akawaambia huyo ni shangazi yenu ana miaka hamsini na nane.

Yote uliyoandika ni kweli. Huseni alinifundisha kushika usukani, kuhesabu, kuswali na kuogelea. Alipokufa nilishindwa kumsindikiza hata nusu ya kilima ambacho mbuzi wanapanda wakitafuna. Nilipoona jeneza linapotea kwenye kona ya pili, sikuwaza kifo chake. Niliwaza kwamba watu wakigeuka wataniona. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Breki hazikuwa na kosa.

Sitakuja sasa. Siyo kwa sababu ya mvua. Nitakuja nikiweza kupanda.

Nikuambie nini kingine? Eka yangu nimeilima mwenyewe, vibarua sikuweka. Tulipanda mahindi Desemba, na sasa nasaidiana na Zenon kugeuza majani na kuyafunika kwa udongo yawe matuta. Siku za mwanzo nililala chali kwenye mfereji, na Dominika alikuwa akinifunika uso kwa kanga, jua lisinichome. Sasa nalima mpaka saa nne ndipo narudi kufungua duka. Nakula ugali wa ulezi kwa ngumi ya mtoto kama ulivyosema. Nimepima mtoto kweli. Nimefikia kilo mia moja na tatu.

Lakini kupungua kumeleta balaa lake. Mjini wanasema nina kifua kikuu. Wengine wanasema duka langu linachukuliwa na kijiji na mawazo yananimaliza. Wauzaji wa jumla wameanza kunitazama kwa huruma. Shangazi yake Adija amesafiri toka Mpanda kuja kuuliza kama tumeachana, na akafika na kuku watatu wa kuninenepesha. Msikitini nimesomewa dua ya mgonjwa, nami nimeitikia amina maana sikujua inasomwa kwa ajili ya nani. Adija peke yake ameacha kulia. Anapunguza suruali zangu kwa cherehani, na juzi alisema nimeanza kufanana na yule kijana aliyemwoa. Kisha akaenda jikoni kwa haraka. Sijui wewe unaelewaje maneno hayo, mimi nililima mara mbili zaidi siku ile.

Nivumilie hadi kiangazi.

Halfani


Sumbawanga,
21 Juni 1976

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi na Zenon tumefika salama toka kwako Kasanga. Zenon bado anawasimulia watu wa Milanzi kwamba ameona maji yasiyo na ng'ambo, na hakuna anayemwamini. Dominika ameipenda migebuka yako, ila ameogopa macho yake.

Nakuandikia yale ambayo sikuweza kuyasema hapo. Nyumba yako ilijaa watu, na wewe ulikuwa unanisukumia sahani.

Mlimani sikupanda mara moja. Kona ya kwanza nilipita. Baada ya hapo nilisimama mara nne.  Kila niliposimama Zenon aliinama akafunga kamba ya kandambili, na unajua kandambili hazina kamba. Kona ya tatu moyo ulienda mbio nikasema moyoni kumbe leo tena. Nikasubiri. Ukatulia. Nikaendelea.

Kaburi la Huseni limeota majani hadi magotini. Tuliyang'oa kwa mikono. Zenon ni Mkristo, akavua kofia akaenda kukaa mbali na sisi. Nilisoma Fatiha. Kisha nilimwambia Huseni habari ya lori, yote, bila kupunguza. Nilimwambia, "Shemeji, nimechelewa miaka mitatu, lakini nimekuja kwa miguu." Nikalia kama mtoto, dada. Nilipomaliza nilikaa, na kutoka kule nikaona bati la nyumba yako na dirisha lako. Ndipo nilipowaza juu ya majani yale marefu.

Nisamehe ninalotaka kusema. Tulipofika nilishangaa hukuja barabarani kutupokea. Nilipokuona mlangoni nikajua kwa nini. Umenenepa, dada. Umenikaribia mimi wa zamani. Ulishika fremu kwa mikono miwili ili uvuke kizingiti. Mwaka mzima umenihesabia matonge, na hukutaja hata mara moja kwamba magoti yako yamekataa. Nilikuuliza kama umepanda mlimani tangu eda iishe, ukageuza maneno ukaniongeza mchuzi.

Mimi sasa ni kilo tisini na tatu. Nazidiwa na gunia la Zenon la mwaka huu. Wewe sijui ni ngapi, na sitamuuliza dereva.

Mdogo wako,
Halfani


Kasanga,
16 Agosti 1976

Halfani,

Marahaba. Barua yako nilisoma mwenyewe, kwa bahati mbaya.  Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba mtoto niliyemfuta makamasi hana ruhusa ya kunitazama kiuno. Nikaichana.

Tangu Huseni afe nimekaa kwenye mkeka. Watu waliniletea chakula wakati wa msiba, mimi nikaendelea na msiba kwa upande wa chakula. Hakuna aliyeniuliza, maana mjane mnene watu wanasema anatunzwa vizuri. Nilikusema wewe kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujisema mimi. Hilo ndilo sikukuandikia, hata nilipojua kuandika.

Bwana Eustace amenipima bandarini kwenye mizani ya mizigo. Kilo mia moja na nane. Nilimwambia akitaja namba hiyo kwa mtu yeyote nitawaambia wote kwamba aliandika "shikamoo" kwenye barua ya kumposa mchumba wake. Amekuwa mpole. Ameniletea ndimu.

Sasa nakula samaki wa kuchemsha na mboga. Ugali wa usiku nimeuacha, isipokuwa Ijumaa mbili ambazo sitaki kuzizungumzia. Alfajiri natembea ufukweni na Albina, yeye na pacha mmoja mgongoni na mimi na pacha mwingine. Wenzangu wa kisomo wameanza kutufuata. Jana tulikuwa wanawake sita, na wavuvi walituuliza kama tunaandamana.

Leo nilikwenda mlimani. Nilikwenda peke yangu, watu wakiwa kwenye mitumbwi. Nilivaa viatu vya Huseni, maana vyangu vinateleza. Nilifika nusu. Magoti yakakataa, nikakaa chini nikatazama juu muda mrefu, halafu nikarudi.

Nakuandikia sasa hivi, vumbi la njia bado liko miguuni, kabla hujaniuliza na kabla sijapata muda wa kutunga sababu.

Kesho nakwenda tena.

Dada yako,
Kulsumu